Nyasi za Eda

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Somo yangu Bi Sikitu, anayenisimamia eda, amenikataza kupaza sauti. Anasema sauti ya mjane aliye edani haitakiwi kufika barabarani. Haya, nitaandika. Nimefundisha darasa la nne nusu ya umri wangu, madaftari matupu hayakosekani kabatini mwangu, na karatasi haitanikemea.

Nimeamka na hasira. Leo ndiyo mara ya kwanza naitazama bustani tangu tumzike mume wangu Kudra. Msiba umeimaliza. Waliokuja kuzika walipika pilau mbele ya baraza, juu ya nyasi zake, na uani kuna nafasi ya kupikia harusi. Wameniachia alama tatu nyeusi za mafiga, mifupa ya mbuzi na matope yaliyokanyagwa na mtaa mzima wa Bangwe.

Kweli, bustani yenyewe ilikuwa taabani. Tangu Kudra apooze upande mmoja hakuna aliyeigusa. Kichuguu kimeota pembeni, nyasi zimekauka mabaka mabaka, ukoka umeziingilia, magugu yanafika magotini. Lakini jioni nilikuwa namtolea kiti chake barazani, anakaa anaitazama kama bado ni ile aliyoipanda alipokuwa fundi wa injini bandarini. Ilikuwa imembakia hiyo tu, na hiyo nayo wameona waichome.

"Watu walikuja kukuzikia," amesema Somo. "Ulitaka wapikie hewani?"

Nikanyamaza. Ndiyo kazi niliyopewa mpaka mwezi wa tatu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ng'ambo ya ziwa kumechafuka, ni vita. Somo amerudi kutoka soko la Mwanga anasema maboti yanaingia yamejaa watu, magodoro na masufuria. Kwa jirani yetu Mzee Faustini, mvuvi ambaye wazee wake walitoka huko huko ng'ambo, Fizi, wameshukia ndugu zake. Wamejaa mpaka barazani.

Jumapili, 10 Novemba

Shemeji Mudathir amekuja kutoka dukani kwake Mwanga. Yeye ndiye mdogo wa Kudra, wa tumbo moja. Kwa kuwa niko edani na yeye si maharimu wangu, amekaa barazani na mimi nyuma ya pazia.

"Shikamoo, shemeji. Usikae ukiwaza peke yako," aliniambia. "Bustani ya kaka inasikitisha. Nitakuletea nyasi mpya na samadi. Uifufue, upate kitu cha kushughulisha mikono."

Nililia nyuma ya pazia, nikashukuru hanioni. Katika ukoo ule wote, aliyekumbuka kwamba Kudra alipenda nyasi ni huyu mmoja.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwatua tangu asubuhi. Somo alinuna, mjane na jembe wapi na wapi. Nikamwambia lango limefungwa, ua wa minyaa ni mrefu pande zote, mwenye kuniona ni Mungu na wewe. Akavuta mkeka akakaa kunichunga kama mwizi.

Ukoka ni adui mwenye subira. Unang'oa juu, mzizi unabaki chini unakucheka. Inabidi uchimbe mpaka uupate ule mweupe unaopita kama kamba, uuvute wote, uuanike juani ufe. Kichuguu nimekivunja kwa mtaimbo. Nilipofika kwenye zile alama za mafiga, udongo ulikuwa umeungua ukawa kama kigae. Nimeupiga jembe kwa hasira mpaka Somo akauliza nampiga nani.

Ijumaa, 29 Novemba

Shemeji ametimiza. Pikapu imeshusha magunia ya samadi na magunia ya nyasi mbichi, zimekuja kwa treni kutoka Tabora. Zinaitwa pasipalamu. Jani lake ni pana na laini, halikimbilii juu, linatambaa chini na kujishika kila linapogusa udongo. Zinapenda joto, na kivuli kidogo haziogopi. Nimezikata vipande vya pingili tatu tatu, nikazilaza kwenye mistari, pingili mbili ndani ya udongo na moja nje. Mgongo umekwisha. Mungu amlipe Mudathir.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua. Zimeshika.

Jumamosi, 14 Desemba

Nyayo. Nyayo za watu wazima na za watoto, kutoka kwenye mwanya wa minyaa upande wa Mzee Faustini mpaka kwenye bomba langu la maji, zimepita katikati ya mistari yangu. Machipukizi yamelala chini, mengine yameng'oka kabisa.

Mwanya ule ni wa zamani na nyumba ya Faustini imekuwa ikichota maji hapa miaka yote. Lakini ilikuwa nyumba ya mtu na mke wake na ndoo mbili kwa siku. Sasa ni kijiji. Nimemkuta mwanamke na dumu kichwani, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya kifua, anapita katikati ya kazi yangu kana kwamba ni barabara ya Ujiji.

"Wewe, huoni kuna nyasi?"

"Naona, mama," alijibu. "Mi ni Elida, mtoto wa dada ya Mzee Faustini. Tunaomba mayi tu."

"Pita pembeni."

"Pembeni kuko matope, mama. Batoto banaanguka."

"Basi waanguke kwenye matope, wasianguke kwenye nyasi zangu."

Alilitengeneza dumu kichwani. Kisha akasema, bila ugomvi wowote, "Ile majani yako inakunywa mayi kuliko batoto." Akaenda zake na dumu lake, na akapita katikati vilevile.

Fadhila ya punda ni mashuzi. Unampa mtu maji, anakukanyagia na kukutolea maneno.

Jumapili, 22 Desemba

Nimeuziba mwanya kwa matawi ya miiba. Jioni Mzee Faustini alikuja upande wake wa ua akaita. Sikumjibu, nilimwachia Somo.

"Mwambie Mwanakheri," alisema, nami nilimsikia vizuri, "minyaa hii tuliipanda mimi na marehemu baba yake. Hapa tuliacha wazi makusudi, watu wapite. Baba yake asingeziba."

Nikamwambia Somo amjibu kwamba baba yangu hakuwa na nyasi za kulinda. Somo alikataa kulibeba neno hilo, akasema tu kwamba mwenye eda amepumzika.

Jumatano, 1 Januari 1997

Mwaka mpya. Ukoka umeota tena.

Jumamosi, 11 Januari

Tumefunga. Mvua imekata, jua ni la kuchoma, na Somo hanisemeshi. Alfajiri alisimama na kopo lake la udhu, akanitazama nikimwagilia nyasi, akasema, "Ramadhani hii, unanywesha majani na umefunga njia ya jirani." Nikamwambia ziwa lipo, ni kubwa, Mungu ameliweka hapo bure. Akasema ziwa wanalitumia watu kwa kila haja, mwalimu mzima kama mimi nalijua hilo.

Lakini bustani imekuwa bustani. Mistari imeungana. Asubuhi, umande ukiwa bado, ni kijani kutoka barazani mpaka langoni, na nikiikanyaga kwa mguu mtupu nasikia raha ambayo sijaisikia tangu Kudra augue. Shemeji amepita mara mbili kuitazama. Anauliza habari za nyasi kuliko habari zangu, na mimi nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 25 Januari

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi lango liligongwa. Somo akaniambia niingie ndani, shemeji amekuja na wageni wanaume. Nikaingia chumbani. Dirisha la chumba linatazama bustani, na lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mudathir anajua ni dirisha la chumba changu. Hakujali, kwa sababu mjane wa eda hatoki kuwakabili wanaume, na huyo ndiye mjane aliyemtegemea.

Alikuja na mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi, na dereva wao, kijana wa Gungu anayeitwa Nikodemu, ndiye anayetafsiri. Mzungu alivua kiatu akaikanyaga bustani kwa soksi. Akacheka, akasema maneno. Nikodemu akatafsiri: "Anasema nyumba nyingi alizoonyeshwa zina vumbi tupu. Hii ameipenda kwa sababu ya nyasi. Wafanyakazi wao wanahitaji mahali pa kukaa jioni."

Mudathir akasema, "Mwambie nilizileta mimi hizo, kwa ajili yao."

Kwa ajili yao.

"Anauliza nyumba itakuwa wazi lini."

"Mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Aliyemo ni mjane wa marehemu kaka yangu, yuko kwenye eda. Akimaliza tu, anahamia Ujiji kwenye nyumba ya ukoo. Hawakupata mtoto, kwa hiyo nyumba imerudi kwetu."

"Anauliza, na huyo mama amekubali?"

Na Mudathir akasema, Mungu ni shahidi yangu, kwa sauti ile ile ya upole aliyoniletea kupitia pazia: "Ni yeye mwenyewe anayewaandalia bustani."

Kwa hiyo nilipokuwa nainama na mgongo unaniuma, nikikata pingili na kuomba dua Mungu amlipe mtu huyu, nilikuwa najifukuza nyumbani kwangu kwa mikono yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, tunawaimbisha watoto darasani, kisha tunakua tunakaa nacho nguoni na kukishukuru.

Nilitaka kutoka. Nilishika komeo. Somo alisimama mlangoni akaweka mikono yote miwili kwenye fremu, mwanamke mzee yule, akasema taratibu, "Ukitoka sasa watasema mjane ameingia wazimu edani, na utakuwa umempa silaha. Subiri."

Nilikaa chini sakafuni nikauma upindo wa kanga. Futari sikuionja.

Jumatatu, 27 Januari

Leo hasira zangu ni za Kudra.

Kiwanja hiki ni cha baba yangu, Mzee Ramadhani. Alinipa mimi, bintiye, nilipoolewa, na nyumba tukaijenga wote wawili kwa mishahara miwili. Lakini Bangwe hii, kama Ujiji, kama kokote, mwanamume anayekaa kwenye ardhi ya mkwewe anachekwa mpaka na watoto. Ameolewa, wanasema. Ndiyo maana baba na Kudra walikubaliana, mbele yangu, kwamba itaitwa nyumba ya Kudra na neno lingine lisitamkwe. Mahari yalikuwa heshima yangu, na kimya hiki kikawa heshima yake. Baba alikufa nacho. Kudra amekufa nacho. Kapooza miaka mitatu na mdomo unasema, mdogo wake anakuja kila Ijumaa, na hakupata siku moja ya kumwambia: Mudathir, hapa ni kwa mke wangu.

Kwa hiyo Mudathir huenda anaamini kweli anachosema. Hilo halinipunguzii kitu. Anayeamini nyumba ni ya kaka yake angekuja kuniambia usoni, au kwenye pazia.

Nikimwambia mtu leo kwamba kiwanja ni changu, na hati sina, watasema mjane kabuni. Somo alikuja Bangwe baadaye, anajua kwa kusikia kwangu tu. Mtu pekee aliye hai aliyekuwepo baba akinikatia mpaka na kuupanda minyaa, ni mzee niliyemzibia mwanya kwa miiba.

Alhamisi, 30 Januari

Nimeiondoa miiba. Vidole vimechanika. Hakuna aliyepita.

Jumapili, 2 Februari

Nilimtuma Somo kwa Mzee Faustini. Amerudi na Elida badala yake. Mzee yuko ziwani.

Elida hakukaa mpaka nilipomwambia mara ya pili. Nikamweleza lililonipata, lote, na jinsi ninavyomhitaji mjomba wake aseme anachokijua. Alisikiliza akiangalia bustani.

"Uliziba njia," alisema, "mtoto yangu akanywa mayi ya ziwa. Alihara wiki mzima. Alibakia mifupa."

"Anaendeleaje?"

"Amepona. Hakupona kwa sababu yako."

Niliona aibu, na aibu ilinitia hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

"Mi nilikuwa na nyumba, mama," alisema. "Kuko Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ya mabati. Sasa kuko watu bengine ndani banalala, na hakuna mutu atanisemea ile nyumba ni ya Elida." Akasimama, akajifunga kitenge upya. "Mzee atakuja kusema. Yeye ni mutu ya haki. Mi ningekuwa yeye, ningekuacha kwanza ulie."

Nikamuuliza dumu lake liko wapi. Akasema liko nyumbani. Nikamwambia akalilete, na apite katikati.

Jumatatu, 10 Februari

Idi. Watoto wa kwa Faustini wamecheza kwenye nyasi kutwa. Nilijilazimisha kutotazama, kisha nikatazama. Mmoja ana miguu kama vijiti. Nimempelekea Elida tambi na nyama, akapokea, akasema aksanti, akanirudishia sahani iliyooshwa. Hatujawa marafiki.

Alhamisi, 20 Februari

Mudathir amekuja kwenye pazia lake. "Bustani imependeza, shemeji. Mkono wako una baraka."

"Ni nyasi zako."

"Eda ikiisha tutakaa kikao cha ukoo tuangalie utaishi wapi vizuri. Usiwe na wasiwasi. Tarehe tano asubuhi kuna wageni wangu watapita kuona nyumba. Ushikilie bustani hivi hivi."

Tarehe tano ndiyo siku ninayotoka eda. Alichagua asubuhi ile ile, nikiwa ndani naogeshwa.

"Waje," nikasema. "Na mimi nitakuwa na wageni."

Hakuuliza wageni gani.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka eda.

Alfajiri Somo alinivua nguo za huzuni, akaniogesha, akanivalisha doti mpya ya kanga. Nilijitazama kwenye kioo mara ya kwanza tangu Oktoba. Nimezeeka, na mikono imekuwa ya mkulima. Nikatoka barazani.

Wanawake walikuwa wameshafika na masufuria kwa ajili ya dua. Walikuwa wanaelekea uani kupika, kwa adabu, kwa sababu bustani ilikuwa imekolea na hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Elida alikuwa amebeba mafiga mawili kifuani.

"Wapi, mama?"

Nikashuka mwenyewe. Nikatembea mpaka katikati, pale palipokuwa pazuri kuliko pote, nikaonyesha kwa kidole. "Hapa. Na hapa. Na hapa."

Somo akasema, "Mwanakheri, jamani." Wanawake wakasimama. Nikasema wawashe. Kuni zilikuwa mbichi kidogo na moshi ulikuwa mzito, halafu moto ukashika na nikaona nyasi zikijikunja, zikageuka njano, zikageuka nyeusi. Iliniuma. Niandike ukweli, iliniuma kama kumzika Kudra mara ya pili. Lakini sikuondoa macho.

Pilau ilipoanza kunukia, gari la shirika likasimama langoni. Mudathir alitangulia, amevaa kanzu, anacheka, mkono umenyooshwa kuonyesha bustani. Aliona masufuria. Mkono ukabaki hewani.

"Shemeji, hii nini?"

"Wamekuja kunitoa eda. Ulitaka wapikie hewani?"

Mzungu akauliza neno. Nikodemu akaona haya kulitafsiri, nikamwambia alitoe. "Anauliza, mwenye nyumba ni nani."

"Marehemu kaka yangu," akaanza Mudathir.

Mzee Faustini alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanaume, karibu na shehe aliyemsalia Kudra. Hakusimama. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wenzake juu ya maji. "Mudathir, ukae chini. Kaka yako alikuwa mutu mzuri, na sisi tulimufichia. Kiwanja hiki Mzee Ramadhani alimpa binti yake. Mimi nilishika kamba ya kupimia, upande ule. Minyaa ile ni mikono yangu na yake. Kudra alijenga kwa mke wake. Kama unasema nasema uongo, shehe yuko hapa, lete Msahafu na mimi niletewe Biblia, tuape wote."

Mudathir alimtazama shehe. Shehe akamuuliza, "Utaapa?" Mudathir akatazama chini, kwenye nyasi alizozileta.

"Kaka hakuniambia," alisema. Sauti yake ilivunjika, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefiwa. Ningemhurumia siku nyingine.

"Na wewe hukuniuliza," nikamwambia, uso kwa uso, bila pazia.

Nikodemu alinong'ona na mzungu wake. Akasema wanaomba radhi kwa kuingia kwenye dua, watatafuta nyumba nyingine. Nikasema wasiondoke bila kula, kwetu si desturi. Wakala, wamesimama, pembeni ya moto. Mudathir hakula.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa imerudi. Alama tatu nyeusi zimebaki katikati ya kijani. Pasipalamu imeshaanza kunyoosha vidole kutoka pembeni. Somo anataka nipande vipande vipya pale, isionekane. Nimekataa. Zitajifunika zenyewe zikitaka, na mpaka hapo kila anayeingia aone.

Nimekitoa kiti cha Kudra barazani, nikakikalia. Elida na wenzake wanapita na madumu kwenda bombani, katikati, kinjia kimeshajichora. Wiki ijayo wanapelekwa kambini kwa treni. Elida amejimegea kipande cha pasipalamu bila kuniomba, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni yenye maji. Nimeona, nikamwacha achukue.

Mchana Mudathir amemtuma mtu wa dukani kwake. Alisimama nje ya lango, hakutaka kuingia, akasema bosi anataka arudishiwe nyasi zake.

Nikainuka kwenye kiti. Nikamwambia amwambie bosi wake aje na jembe, aje mchana, aje peke yake, azing'oe moja moja kwa mikono yake, na mimi nitamtolea mkeka watu wakae wamtazame. Nilimwambia kwa sauti iliyofika barabarani.